Kuunganisha ni Kitu Kimoja, Kukalisha ni Kingine

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe hapa Zanzibar, nakunywa kahawa. Kijana mmoja akaniomba simu atazame picha ya raifeli ya gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, niliyoiunda nilipokuwa Marekani. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kidogo, akanirudishia. "Ami, hii si inakuja imeshakatwa? Umefunga parafujo tu." Barza nzima ikaitikia.

Maneno haya nimeshaambiwa na mafundi wa milango. Nimeambiwa na mgeni aliyekuja kununua kasha. Mwaka jana nimeambiwa na bwana aliyeniletea gobori la babu yake limevunjika shingo, akitaka limalizike kabla ya Ijumaa kwa kuwa "vipande vyote vipo, ni kuunganisha tu". Yule nilimnyamazia. Leo nataka kulijibu jambo hili mpaka mwisho.

Nilikaa Pennsylvania miaka sita, karibu na Lancaster, kwa fundi aliyekuwa akiunda raifeli ndefu za namna waliyoianza wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 18. Watu huziita za Kentucky, lakini kwao ni Pennsylvania. Nimeunda nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za seti, yaani vipande vinavyouzwa vimeshakatwa, ukaviunganishe mwenyewe. Kule seti huletwa na posta mpaka mlangoni, maana sheria yao ya silaha ya 1968 inazitenga bunduki za kale na nakala zake za kupakiwa mdomoni kwa baruti nyeusi, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Pennsylvania wana hata msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume peke yake, baada ya Krismasi. Huku kwetu usijaribu kuagiza. Gobori ni silaha, liwe la babu au la jana, na bila ya kibali halikai ndani. Mimi hapa Kikwajuni natengeneza makasha na milango, na magobori ya zamani nayatengeneza mti wake tu, tena kwa mwenye karatasi zake. Kupakia sifundishi.

Ndani ya seti mna mtutu wa pembe nane wenye mifereji ndani, mtambo mzima wa kutoa cheche, kifyatulio na kinga yake, kisahani cha kitako, mdeki wa kushindilia, na mti wa mepo (maple) au wa jozi uliochongwa na mashine. Muuzaji anakwambia mti umekamilika asilimia 90. Hesabu hiyo ni ya mti ulioondolewa, na wala si uongo. Lakini asilimia 10 iliyobaki ndiyo iliyolizunguka kila pande la chuma, na mashine imeiacha makusudi, maana haijui mtutu wako una upana gani hasa wala mkia wake umepinda kiasi gani. Kazi yote imo humo, na ndiyo ninayoiita kukalisha. Seti ya kwanza ilinichukua miezi mitano, kila jioni baada ya Magharibi.

Anza na mtutu. Kila mtu hutaka kuanza na mtambo kwa sababu ndio unaopendeza kuuchezea, lakini kila kipimo kingine kinatoka pale mtutu ulipokaa.

Mimi nawasha kibatari, nashika kipande cha bati juu ya ulimi wa moto mpaka masizi yashike, nayakwangua na kuyachanganya na mafuta tone moja au mawili. Napaka kwenye chuma kwa mswaki mkuukuu, utando mwembamba kabisa. Nauteremsha mtutu mahali pake, naugonga mara mbili kwa nyundo ya mti, nautoa wima bila kuuyumbisha. Palipogusa pana doa jeusi. Naliondoa lile doa kwa patasi, unga tu, wala sigusi pembeni yake. Napaka tena, nauteremsha tena. Mtutu wa inchi 42 nimewahi kuushusha na kuupandisha mara sitini na zaidi kabla haujalala. Anayefunga bawaba za kasha vizuri anaijua kazi hii, isipokuwa bawaba haisukumwi na baruti.

Sasa nifike pale panaponiudhi.

Nyuma ya mtutu kuna kizibo, na kizibo kina mkia bapa unaolala juu ya shingo ya mti na kukazwa kwa parafujo. Ukiitazama bunduki kutoka juu, mkia ndio unaouona. Basi anayeunganisha huhangaika na mkia. Atauchimbia usibakishe upenyo wa unywele, hasa kwenye ncha yake ya nyuma, maana hapo ndipo jicho linapotua. Ukimkuta anakuonyesha ncha hiyo, na kweli imekaa kama njumu. Na hiyo ndiyo bunduki itakayopasuka.

Risasi inapokwenda mbele mtutu unarudi nyuma, na mti lazima uupokee. Mahali pa kuupokea ni uso mpana wa nyuma ya mtutu wenyewe, unaotazamana na ukuta mnene wa mti. Ukuta huo ukishaufunika mtutu hauonekani tena na mtu yeyote. Mkia kazi yake ni kushikilia tu. Ncha yake ni nyembamba mfano wa ukucha, na ikiugusa mti kabla uso wa mtutu haujagusa, msukumo wote unapita kwenye ncha hiyo na kuigeuza kabari. Nyuma ya kabari ni shingo, pembamba kuliko pote kwenye mti. Kwanza hubanduka kibanzi kidogo. Baadaye huja ufa, unafuata nyuzi za mti ukiteremka mpaka kwenye kifyatulio.

Kwa hiyo mimi nahakikisha doa la masizi limeenea kwenye ukuta wa nyuma ya mtutu, kisha nyuma ya ncha ya mkia naacha nafasi ya unene wa karatasi. Naiacha kwa kusudi. Wateja wawili kule walinirudishia kazi wakisema nimekosea kipimo hapo. Niliwaeleza, mmoja akaelewa. Wa pili alijaza ile nafasi kwa gundi na unga wa mbao nyumbani kwake, na roho iliniuma kwelikweli.

Nirudi kwa lile gobori la babu, lilitoka Wete, Pemba. Mti wake ni mweusi kwa mikono ya watu, kisahani cha kitako ni cha shaba nyeusi kwa kutu yake. Shingo ilizungushwa waya wa shaba kwa ustadi, mizunguko imepangika kama usukaji wa ukili, na chini ya waya mna misumari miwili. Misumari ile ililiwa na kutu, na kutu ikaula mti mpaka ukawa laini, ukiuchoma kwa ncha ya patasi unaingia. Nilipoutoa mtutu nikakuta nyuma ya ncha ya mkia pana kovu la kibanzi kilichobanduka, umbo la ukucha wa kidole gumba. Nikaurudisha mtutu mahali pake na kupima nyuma ya uso wake. Sarafu ya shilingi 200 ilipita bila kusukumwa. Miaka yote ile mtutu ulikuwa unaegemea mkia wake.

Siwezi kuapa kwamba aliyeliunda ndiye aliyekosea. Mti hushindiliwa kidogokidogo, na mafuta yanayovuja kutoka kwenye mtambo huulainisha, kwa hiyo huenda ule ukuta ulikuwa unagusa siku ya kwanza ukaja kurudi nyuma baadaye. Lakini najua bunduki hizi ziliundwa kwa ajili ya biashara na ziliundwa nyingi. Baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833, meli za Salem, bandari ya Marekani, zilikuwa zinaleta hapa kitambaa cha merikani, baruti na bunduki, zinaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Na ule mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Hiyo ni sababu moja ya magobori kuendelea kuonekana huku wakati kwengine yameshaachwa. Magobori yanayofika karakana kwangu karibu yote yameumia pale pale, shingoni.

Mtambo nitaupitia haraka. Bamba lake lazima liegemee ubavu wa mtutu bila mwanya, la sivyo unga wa baruti unaanguka ndani ya mti. Na ikiwa mtambo unafanya kazi mkononi lakini ukishauingiza mtini unagoma, usiutie tupa hata kidogo. Kuna mahali ndani springi au jino linagusa mti, au umekaza parafujo mpaka bamba limepinda. Paka masizi kwenye sehemu za ndani, utaona lilipo.

Tundu la kuwashia, linalopitisha moto kuingia mtutuni, ndilo la mwisho kutobolewa. Likae katikati ya kibakuli cha baruti, usawa wa ukingo wake wa juu, na mbele kidogo ya uso wa kizibo ili kizibo kisilizibe. Seti yangu ya pili, na muuzaji simtaji, ilikuja na tundu limeshatobolewa kiwandani. Nikaona nimepunguziwa kazi. Nikakalisha mtutu ukaegemea ukuta wake kama inavyopasa, nikatia mtambo, na tundu likaja milimita tatu nyuma ya katikati ya kibakuli. Niliwaandikia. Wakajibu kwamba niusogeze mtutu mbele milimita hizo tatu na nyuma nijaze gundi. Yaani walinishauri niunde ule ule mwanya niliokuja kuupima kwenye gobori la Wete. Niliurudisha mtutu nikaomba usiotobolewa, na kazi ililala wiki saba.

Hata hivyo kuhusu gundi nina shaka ambayo mwalimu wangu asingependa niiandike. Ipo gundi ya maji mawili, ukiichanganya inakauka ikawa ngumu kama jiwe, na wako mafundi wazuri wanaoimwaga nyuma ya mtutu, wanaukandamiza ungali umepakwa nta, na gundi inachukua umbo la chuma sawasawa. Mguso wake ni kamili kuliko wangu wa patasi, nimeupima. Mafundi hao kwanza wanachonga vizuri, na gundi wanaitia utando tu. Bunduki zao sijaona zikipasuka. Mimi bado natumia masizi, na nikijiuliza kwa nini, nusu ya jibu ni kwamba nimezoea. Vilevile wale wanaosema masizi yaguse kote, urefu wote wa mtutu, siwafuati. Nyuma, ndiyo, paguse pote. Mbele kule inchi thelathini zilizobaki, mguso wa hapa na pale umenitosha siku zote.

Nyuzi za mti zitazame kabla hujalipa. Zikikata shingo mshazari mfupi badala ya kuteremka nayo, ule mti rudisha, hata ukiwa na mawimbi mazuri namna gani, na mepo yenye mawimbi hudanganya watu sana. Mafundi wa madau wanajua kwa nini taruma, ule ubavu wa dau, huchaguliwa kwenye tawi lililojipinda lenyewe.

Na mti unatembea. Mlango wako unaobana Masika na kulegea Kaskazi unakwambia hivyo kila mwaka. Mtutu umeshikwa na pini zinazopita kwenye vishikizo vidogo chini yake, na matundu ya vishikizo hivyo hupanuliwa kwa urefu yawe mviringo mrefu, ili mti ukitanuka au ukisinyaa pini ipate pa kwenda. Wengi huliruka hili kwa sababu siku ya kufunga haionekani kama limerukwa. Ufa unakuja baada ya misimu miwili.

Rangi ya mtutu ni kutu inayolelewa taratibu: dawa, unyevu, unapangusa, unarudia. Mti nautia mafuta ya kitani, utando mwembamba, siku nyingi. Vanishi sitii.

Kijana wa Jaws Corner nimemwambia aje Jumamosi. Nimemkatia kipande cha mfenesi na bawaba moja ya shaba, kibatari kipo, patasi nimeinoa mwenyewe. Aichimbie mpaka doa jeusi lienee kwenye ukuta wa nyuma, kisha tuongee habari ya parafujo.

Na wewe uliye na gobori la wazee limevunjika shingo, nakuomba sana usilipige msumari. Usilitie gundi ya dukani. Kusanya vibanzi vyote, hata vile vidogo mfano wa punje ya mchele, vitie kwenye kitambaa uvifunge. Halafu njoo navyo pamoja na kibali chako. Kibanzi cha nyuma ya mkia ndicho ninachokihitaji kuliko vyote, na ndicho watu wanachokitupa.