Madaha ni nini, na mgongo unahusikaje?

Kaa barazani Bagamoyo jioni, utasikia watu wakisema, "Mwone yule, anakwenda kwa madaha." Hilo haliambiwi kila aliyevaa akapendeza. Madaha ni mwendo na msimamo wa utulivu wenye maringo kidogo: shingo imenyooka, mabega yametulia, kiuno kinafuata hatua bila kusukumwa. Wengi hudhani siri yake iko kiunoni. Mimi naona inaanzia juu zaidi, kati ya mabega.

Kutoka shingoni hadi kiunoni tuna pingili 24 za uti wa mgongo: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua na 5 za kiuno. Shingo na kiuno vimebonyea kwa ndani, na sehemu ya kifua imetokeza nyuma kidogo. Kwa wanawake, mbonyeo wa kiuno kwa kawaida hubebwa na pingili tatu zenye umbo la kabari, na kwa wanaume mbili. Watafiti walioeleza jambo hilo mwaka 2007 walilihusisha na ujauzito: mama hujirudisha nyuma asielemewe na tumbo. Hiyo ni mifupa, na mazoezi hayamgeuzi mtu mzima mifupa yake. Yanachogusa ni misuli na wepesi wa viungo, ndiyo maana hata mwigizaji wa kiume aliyepewa nafasi ya mwanamke anaweza kujifunza msimamo huu. Bagamoyo tuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Mcheza ngoma yeyote wa pale anajua kwamba mwili hufundishika.

Sasa, zile pingili 12 zimefungwa na mbavu, kwa hiyo hukakamaa upesi. Anayekuna nazi juu ya mbuzi, fundi cherehani, kijana aliyeinamia simu, wote hujikunja pale pale. Siku akitaka madaha, mgongo wa juu unakataa, naye anaazima kiunoni: anabinua makalio, mbavu zinachomoza mbele, magoti yanakazwa nyuma. Huko ni kujibinua tu, na ikifika jioni kiuno kinauma.

Jipime ukutani. Visigino viwe mbele ya ukuta kidogo, makalio, mgongo wa juu na kisogo viuguse. Kiganja kikipita kiunoni kwa kubana kidogo, uko sawa. Ngumi ikipita bila shida, umezidisha.

Zoezi ninalolipenda halina gharama. Kunja kanga mbili, zizungushe ziwe kama gogo dogo, zilaze kwenye mkeka, kisha lala chali zikiwa chini ya mabega, si chini ya kiuno. Magoti yakunje, mikono nyuma ya kichwa, pumua polepole mara tano au sita, halafu sogeza gogo juu kidogo. Baada ya hapo piga magoti na viganja chini, uvimbishe mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha uulegeze. Malizia kwa kulala chali na kunyanyua nyonga ukikaza makalio, kwani kiuno bila makalio yenye nguvu hakina wa kukishika. Dakika kumi karibu kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili. Ganzi au maumivu yakishuka mguuni, acha, ukamwone daktari. Mwenye mifupa dhaifu amwone kabla hajaanza.

Bibi zetu walikuwa na mwalimu mwingine, ndoo kichwani juu ya ngata. Ukiinamisha kidevu, maji yanakumwagikia. Siusifii mzigo mzito, huo hukandamiza shingo, lakini ngata tupu yatosha. Iweke kichwani, zunguka uani, chukua ufagio, fungua mlango, geuka mtu akikuita. Mwanzoni itaanguka kila unapogeuka, kwa sababu unageuza kichwa peke yake na kifua kimebaki nyuma.