Kubana na Kufungua Picha kwa Python: Mwongozo kwa Watunza Kumbukumbu za Bagamoyo

Picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ikipigwa kwa kamera ya megapikseli 12, ina pikseli 4000 kwa 3000. Kwenye diski, JPEG yake (aina ya faili la picha lililobanwa) huweza kuwa megabaiti chache tu. Programu ikiifungua, kila pikseli hudai baiti 3, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na jumla hufika baiti milioni 36. Kwa hiyo anayefungua picha 200 kwa mpigo anahitaji memori ya gigabaiti 7.2, na kompyuta ya kawaida ya ofisini hukwama hapo. Fungua moja, ibane, ifunge, ndipo uende ya pili.

Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, maktaba ya kushughulikia picha iitwayo Pillow inatosha (`thumbnail` hupunguza vipimo, `quality` ni kiwango cha ubora):

```
from PIL import Image, ImageOps

with Image.open("asili/mlango.jpg") as asili:
    asili.thumbnail((1600, 1600))
    nakala = ImageOps.exif_transpose(asili)
    nakala.save("tovuti/mlango.jpg", quality=80, optimize=True)
```

Mstari wa `exif_transpose`, unaoigeuza picha isimame sawa, usiuruke. Simu nyingi hazigeuzi pikseli. Huandika tu ndani ya faili kwamba picha isimamishwe. Pillow ikihifadhi JPEG mpya haibebi maelezo hayo usipoiagiza, na mlango utaonekana umelala ubavu. Mahali na tarehe ya kupigwa picha hupotea vilevile, na kwa kumbukumbu za kale hiyo ni hasara kubwa. Ndiyo maana folda ya asili haiguswi kamwe.

JPEG hugawa picha katika vimiraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa tofauti ndogondogo ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa magofu ya Kaole umejaa tofauti hizo, hivyo faili lake huwa kubwa kuliko la anga tupu kwa kiwango kilekile cha ubora. Usipotaja `quality`, Pillow hutumia 75. Kwa nakshi tunashauri 80 hadi 85. Ukishuka sana, vimiraba huanza kuonekana kandokando ya maua yaliyochongwa. Kupita 95 hakuna faida, faili linavimba tu.

Kilichotupwa hakirudi. Kuifungua JPEG na kuihifadhi kama PNG, aina ya faili la picha inayobana bila kutupa kitu, kunaongeza uzito, lakini dosari zinabaki palepale. Kila ukihariri na kuhifadhi JPEG upya unapoteza tena, kwa hiyo kila nakala itoke kwenye asili, isitoke kwenye nakala nyingine. Kufunga JPEG ndani ya ZIP nako hakupunguzi kitu cha maana, kwani imeshabanwa.

PNG haipotezi hata pikseli moja. Itumie kwa ramani zilizochorwa, michoro ya majengo na maandishi. `compress_level` yake, 0 hadi 9, hubadilisha muda na ukubwa, wala haigusi ubora.

PNG yenye sehemu zinazopenyeza, yaani zinazoonyesha kilicho nyuma yake, ikihifadhiwa kama JPEG, Pillow hugoma, kwa sababu JPEG haina nafasi ya kuweka upenyezaji. Wengi hukimbilia `convert("RGB")`, na mara nyingi sehemu hizo hugeuka nyeusi. Tengeneza kwanza picha nyeupe ya ukubwa uleule, kisha bandika mchoro juu yake kwa kutumia upenyezaji wake kama kinga (`mask`), yaani kuonyesha ni wapi pa kubandika:

```
picha = Image.open("mchoro.png").convert("RGBA")
nyeupe = Image.new("RGB", picha.size, "white")
nyeupe.paste(picha, mask=picha)
```

Jambo linalowaponyoka wengi: `Image.open` husoma kichwa cha faili tu, yaani maelezo ya mwanzo kama vipimo, bila pikseli zenyewe. Faili lililokatika wakati wa kunakiliwa linaweza kufunguka bila kosa na kutoa vipimo sahihi, kisha likavunjika baadaye. Ita `load()`, inayosoma pikseli zote, kwenye kila picha kabla hujafuta kadi ya kamera. Ipo njia ya kuilazimisha Pillow ikubali faili pungufu, `ImageFile.LOAD_TRUNCATED_IMAGES = True`, lakini sehemu iliyokosekana hujazwa rangi tupu. Itumie pale tu ambapo kadi imeshapotea. Kama ipo, nakili upya.