Kazi zikipotea Lubumbashi, pesa ya komini iende wapi kwanza?

Mtu akiachishwa kazi hapa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, hapotezi mshahara peke yake. Wazee wetu waliona hilo mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mposho, yaani mgao wa chakula wa kampuni, ulikuwa umekwisha, na shule na hospitali za kampuni nazo hazikuwa zao tena. Watoto wakahamia shule za mtaani, wagonjwa wakapanga foleni kwenye kituo cha afya cha kartie (mtaa), na mama wa nyumba akatafuta meza sokoni.

Kwa hiyo kampuni ikipunguza watu, mzigo unahamia kwa komini, yaani sehemu ya mji yenye ofisi na bajeti yake, na wakati huohuo mfuko wa komini unakauka. Madiwani tuliowachagua Desemba 2023 ndio wanaopitisha bajeti ya komini, kwa hiyo swali la nini kitangulie ni lao, na ni letu tuliowatuma.

Tuanze na soko, maana ndiko wakuu wa komini hukimbilia pesa ikipungua. Chukua mfano wa soko lenye meza 200, kila meza ikilipa faranga 500 kwa siku: hizo ni 100,000. Kazi zikipotea, wauzaji wanaongezeka mpaka 300, na ushuru unafika 150,000 bila kupandisha chochote. Sasa ofisi ipandishe ushuru hadi 700. Wanunuzi ni walewale, au wamepungua, na mama anayeuza kopo za unga au vifungu vya makala (makaa) faida yake ni ndogo kuliko ya mwaka jana. Wauzaji 100 wakihamia kando ya barabara jioni, wanabaki 200, na ofisi inapata 140,000. Imepoteza pesa, kisha inatuma watu wa kuwafukuza barabarani akina mama waliokuwa wakilipa. Nawasihi madiwani wasipandishe ushuru wa meza katika kipindi kama hiki, hata kwa miezi michache.

Mrabaha wa madini, yaani pesa ambayo mgodi hulipa kwa madini unayotoa, unadai uangalifu wa aina nyingine. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, komini au sekta yenye mgodi 15, na 10 zinakwenda mfuko wa vizazi vijavyo. Hapa mjini, komini ya Ruashi ina mgodi. Komini za Kenya na Kamalondo hazina, ingawa mtu aliyeachishwa kazi mgodini anaweza kuwa amepanga nyumba hukohuko. Halafu mrabaha hufuata mzigo wa madini unaotoka. Februari 2025 serikali ilisimamisha kobalti kwenda nje ya nchi, na Oktoba ikaleta mfumo wa mgao. Komini iliyotumia mrabaha kuajiri makarani wapya, mzigo ukikwama itawalipa kwa pesa gani? Pesa hiyo ijenge kitu kinachobaki hata mgodi ukinyamaza: kisima, paa la kituo cha afya, mfereji wa mawe.

Mfereji ndio ningeutanguliza. Tazama kanivo yoyote kando ya soko mwezi wa Septemba, kabla ya mvua: mchanga umejaa hadi ukingoni, chupa za plastiki juu yake, magunzi ya mahindi, na maji meusi yasiyosogea. Komini inaweza kukodi mashine, ikamaliza kwa siku mbili, na pesa ya mafuta na ya kukodi ikaondoka kartie jioni ileile. Au inaweza kuwapa watu 40 koleo na toroli kwa majuma matatu. Hapo malipo ya Jumamosi yanageuka unga wa bukari (ugali) na ndakala, samaki wadogo wakavu, kabla jua halijazama, na yule mama wa meza, ambaye hatukumpandishia ushuru, anauza. Barabara kuu inahitaji mashine, tusidanganyane. Lakini kuzibua mifereji, kupanga mawe na kuzoa taka ni kazi ya mikono, na mikono ipo, imekaa nyumbani.

Kazi hiyo inaharibika kwa njia mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni malipo kuchelewa: kibarua asiyelipwa juma la pili harudi, na koleo nalo halionekani tena. Ya pili ni orodha kujaa ndugu za mkuu wa avenyu. Majina yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kartie pamoja na siku alizofanya kila mtu na kiasi alicholipwa, na nafasi zitengwe kwa wanawake, kwa sababu nyumba nyingi sasa zinawategemea wao.

Kituo cha afya kisiguswe. Wagonjwa wake wameongezeka. Panapofaa kukatwa ni magari, samani za ofisi na safari za kikazi. Bajeti inayofuata ikiletwa mezani, muombe diwani wako akuonyeshe mistari hiyo mitatu, kisha akuonyeshe mstari wa mifereji, na umuulize upi umeongezwa.