Tela la nyuma likilala, dereva huwa wa mwisho kujua

Madereva wanaokuja kwetu Mwanza kujiendeleza hudhani ugumu wa kuvuta tela mbili ni urefu wa gari. Urefu unazoeleka. Tatizo liko kwenye maungio.

Mtazame mchunga ng'ombe wa Usukumani akipiga mjeledi. Mkono wake unasogea kidogo tu, lakini ncha ndiyo inayolia. Gari la tela mbili liko vivyo hivyo. Bodaboda akichomoka ghafla pale Buhongwa, dereva anakata usukani kumkwepa. Kichwa kinayumba kidogo, tela la kwanza linayumba zaidi, la pili linaweza kulala chini huku aliyeshika usukani hajahisi kitu. Marekani, ambako baadhi ya majimbo yanaruhusu tela tatu, mwongozo wa madereva wa magari ya biashara unasema tela la mwisho la gari hilo lina uwezekano wa kupinduka mara 3.5 zaidi ya semi ya ekseli tano, yaani kichwa chenye tela moja. Kwetu ukomo wa sheria ya Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake, kwa hiyo tela tatu tuwaachie wenyewe. Lakini pulling (lori la mzigo linalovuta tela) na interlinki (tela mbili zilizoungana nyuma ya kichwa kimoja) tunazo, na mjeledi ni ule ule.

Ndiyo maana tela zito hukaa mbele, jepesi nyuma. Kila dereva ataitikia hilo, kisha atalivunja siku hiyo hiyo bila kujua. Anafika mjini, anashusha mzigo wa mbele kwa kuwa mteja wake yuko karibu, anaondoka na tela tupu likifuatwa na lililojaa saruji. Akikanyaga breki mteremkoni, la nyuma linalisukuma la mbele. Mimi ningepanga mzigo upya kabla ya kutoka getini, hata bosi akipiga simu mara kumi.

Kuna ukaguzi mmoja ambao utingo wengi hawajawahi kuuona ukifanywa. Upepo wa breki hupita tela la kwanza kwenda la pili kwa mipira miwili, wa dharura na wa breki za kawaida, kupitia koki za kuufungia na kuufungulia. Koki moja ikibaki imefungwa katikati, breki za nyuma hazipati upepo wa kufanyia kazi. Jaza upepo, shuka, tembea hadi mwisho kabisa wa gari, fungua koki ya nyuma ya mpira wa dharura. Ukisikia upepo unatoka kwa nguvu, basi umefika hadi nyuma, funga koki. Kukiwa kimya, rudi ukague koki moja moja. Kisha dereva ashike breki za tela na utingo afungue koki ya mpira wa pili, wa breki za kawaida, asikilize vivyo hivyo, kisha aifunge. Kazi yote haizidi dakika tano.

Nafasi ya mbele nayo ihesabiwe, isikadiriwe kwa macho. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda takriban mita 22 kila sekunde, yaani karibu urefu wake wote. Gari la urefu huo liache walau sekunde nane. Gari lililo mbele likipita nguzo, anza kuhesabu sekunde hadi nawe uifikie: mia moja na moja, mia moja na mbili... Daladala litajichomeka hapo katikati, hilo halikwepeki. Legeza mafuta, anza kuhesabu upya.

Mnaotumia barabara na malori, msikae upande wa ndani wa lori linalokata kona. Tairi za nyuma hazipiti zilikopita za mbele, hukata ndani zaidi.

Jambo la mwisho ni Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 19, 2025 mahali pa kivuko. Pale juu upepo wa ziwa unapiga ubavuni, na tela tupu la nyuma ndilo linaloyumbishwa nao zaidi. Punguza mwendo kabla ya kupanda. Enzi za kivuko foleni ilichosha, lakini ilimpa dereva muda wa kulizunguka gari na kugonga tairi moja moja. Sasa anavuka kwa dakika chache, kwa hiyo muda huo autenge mwenyewe, asimame pembeni Usagara kabla ya kuingia njia ya Kigongo.