Piyuti haina tuni ya asili

Mwalimu wa kwaya anayetaka kuonja piyuti, yaani mashairi matakatifu yanayoimbwa sinagogini, huja na ombi lilelile kuhusu mojawapo iliyo maarufu: "Nipe tuni ya asili ya Adon Olam." Akiambiwa haipo, huona ananyimwa. Kesho yake ameshachukua ya kwanza aliyoikuta mtandaoni, ameipangia sauti nne, na anaitangaza kuwa ndiyo aliyoimba Mfalme Daudi. Dhana potofu kuhusu nyimbo takatifu za Wayahudi ni nyingi, lakini hii ndiyo mama yao.

"Kila piyuti ina tuni yake"

Piyuti ilisafiri kama maandishi. Miswada ya zama za kati karibu yote haina nota. Kilichopo juu ya shairi, kikiwapo, ni neno *lahan*, ndiyo lahani hiyohiyo tunayoijua sisi, likifuatwa na maneno mawili matatu ya wimbo mwingine ambao msomaji alitarajiwa kuujua. Wimbo ule ukisahaulika, kichwa hicho hakimsaidii mtu. Vipande vya kale zaidi vyenye nota viliandikwa na Ovadia, mtu wa Oppido kusini mwa Italia aliyeingia dini ya Kiyahudi mwaka 1102. Vilikutwa katika geniza ya Kairo, ghala la maandishi chakavu la sinagogi, na alama alizotumia ni zile za nyimbo za kanisani za wakati wake. Kurudi nyuma zaidi ya hapo kwa nota hatuwezi, na Daudi wakati huo alikuwa na miaka elfu mbili kaburini.

Tuni hubadilika kirahisi kwa sababu ya jinsi shairi lilivyojengwa. Katika karne ya 10, Dunash ben Labrat, aliyesoma kwa mwanachuoni mkuu Saadia Gaon, aliingiza vipimo vya mashairi ya Kiarabu katika Kiebrania huko Cordoba. Alishambuliwa vikali, lakini washairi wa Hispania wakamfuata. Mtunzi wa Kiswahili hatapata shida hapo. Kipimo huitwa *mishkal*, yaani uzito, kama sisi tusemavyo mizani. Mshororo una ukwapi na utao: nusu ya kwanza ni *delet*, mlango, ya pili ni *soger*, kifungio. Mlango na kifungio pamoja ni *bayit*, nyumba, na hapo umeshamwona ndugu yake ubeti.

Sasa itazame Adon Olam kwa karibu: *Adon olam asher malakh, beterem kol yetsir nivra.* Mizani 8 kwa 8, jumla 16, kama shairi letu la kawaida. Katika toleo la Ashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, mishororo ni 10, na yote inaishia kwa kina kimoja, -ra. Tofauti na sisi ni kwamba Kiebrania hiki hakihesabu tu, kinapima pia: kila mizani 4 huanza na silabi fupi moja, kisha ndefu tatu. Ni bahari ambayo Waarabu huiita hazaji. a-DON-O-LAM, a-SHER-MA-LAKH, be-TE-REM-KOL, ye-TSIR-NIV-RA.

Mishororo 10 yenye uzito mmoja inabebwa na tuni yoyote inayoweza kubeba mizani 16. Ndiyo maana sinagogi moja inaweza kuiimba kwa tuni tofauti kila wiki bila mtu kushtuka. Hakuna anayeuliza tuni ya asili ya bahari ya utenzi, basi kwa nini hapa?

Kwaya zetu huharibu mahali pawili. Kwanza, ulimi wa Kibantu hupenda silabi ifungwe kwa irabu, kwa hiyo mstari huimbwa "a-do-ni o-la-mu a-she-ri ma-la-ki". Hizo ni mizani 12, na mwalimu anaanza kuongeza nota ili zitoshe. Usiongeze nota, funga n, m, r na kh ndani ya nota ileile ya irabu inayotangulia. Pili, kitabu cha herufi za Kilatini kikiandika "b'terem" na "y'tsir", waimbaji humeza zile sheva zinazotamkwa, yaani irabu fupi zilizowekewa alama ya ', na 8 zinakuwa 6. Zitamkwe, fupi na nyepesi. Ukiwa unatunga tuni mwenyewe, iweke silabi fupi kabla ya pigo zito, na DON iangukie juu yake. Tuni nyingi zinazopendwa leo hazijali fupi na ndefu hata kidogo, zinahesabu tu. Si dhambi, ila usiniambie kwamba ndiyo asili.

Mara nyingi tuni ndiyo inayotangaza siku, si maneno. Lekha Dodi ya Shlomo Alkabetz, piyuti ya kuipokea Sabato kama bibi harusi, aliyoitunga katika mji wa Safed, Galilaya, katika karne ya 16, ina beti 9 zisizobadilika mwaka mzima. Lakini Sabato inayotangulia Tisha be-Av, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu, jumuiya nyingi za Ashkenazi huiimba kwa tuni ya ombolezo la Eli Tsiyon. Maneno ya kumlaki bibi harusi, sauti ya matanga. Wengine hugeuza tuni kila wiki wakifika ubeti wa sita, *Lo tevoshi*. Asiyejua hilo hurekodi beti tatu za mwanzo, akaondoka akidhani amepata wimbo mzima.

Wayahudi wa Aleppo, ambao wengi wa kizazi chao sasa wako Brooklyn, Mexico na Buenos Aires, wamelipeleka jambo hili mbali zaidi. Kila Sabato ina makamu yake, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, kulingana na sura ya Torati inayosomwa wiki hiyo. Bereshit, mwanzo wa kitabu, ni Rast. Hayei Sara, palipo na kifo cha Sara, ni Hijaz. Lekh Lekha, palipo na agizo la tohara, ni Saba. Mpiga kanuni wa taarabu ya Zanzibar angeyatambua majina hayo bila kufundishwa. Hazani, kiongozi wa sala, huchagua *pizmonim*, nyimbo za makamu ile, anazivua maneno yake, kisha anazivalisha maneno ya sala: ya Nishmat, ya Kadishi na ya Kedusha. Wakati huohuo Torati yenyewe husomwa kwa Sigah wiki zote. Akileta tuni nzuri ya makamu isiyo ya wiki, wazee huinua macho kutoka kitabuni. Mahali pa namna hii, swali la "tuni ya Nishmat ni ipi?" halina maana mpaka utaje wiki.

"Tuni ya nje inachafua ibada"

Mshairi Israel Najara alichapisha kitabu chake *Zemirot Yisrael* huko Safed mwaka 1587, na juu ya mashairi yake akataja waziwazi nyimbo za Kituruki, Kiarabu na Kihispania zilizompa tuni. Alilaumiwa, na hapa ndipo watu hukosea: wanadhani alilaumiwa kwa kuazima. Mkosoaji wake mkali, Menahem de Lonzano, naye alitungia tuni za Kituruki! Kilichomkera ni mtindo wa kuchagua maneno ya Kiebrania yanayofanana kwa sauti na ya wimbo wa mapenzi, kama kuanza na *shem nora*, "jina la kutisha", pale Mhispania alipoimba *señora*. Msikilizaji atamkumbuka Mungu au bibi yule? Hoja hiyo ina uzito, na anayeazima tuni ya bongofleva kwa ajili ya kwaya yake aipime. Kuazima kwenyewe hakujawahi kukoma. Bakashot za Morocco, nyimbo za maombi zinazoimbwa usiku wa manane wa kuamkia Sabato majira ya baridi, zimesimama juu ya nuba, mifululizo ya muziki wa kale wa Andalusia.

"Ni zaburi tu"

Zaburi ni Biblia. Piyuti ni utungo wa mshairi, na mara nyingi ametia saini: herufi za kwanza za beti 8 za mwanzo za Lekha Dodi zinasomeka Shlomo Halevi. Yannai, payetani (mtunzi wa piyuti) wa karne ya 6 hivi, alitunga kerova, piyuti za kuingizwa ndani ya sala, za kufuata usomaji wa Torati wa kila wiki, akapotea hadi geniza ilipofunguliwa. Mtafiti Israel Davidson alichapisha vipande vyake mwaka 1919, vikiwa vimeandikwa juu ya ngozi iliyofutwa maandishi ya Kigiriki.

"Lazima iwe Kiebrania"

Piyuti ya Najara iitwayo Yah Ribon ni Kiaramu. Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia, walisali kwa Kigeezi. Wanawake wa Kiyahudi wa Cochin, India, waliimba kwa Kimalayalam kutoka madaftari yao, mbele ya wanaume. Kwa hiyo Abayudaya wa Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 karibu na Mbale, wanapoimba zaburi kwa Kiluganda hawajavunja desturi yoyote ya kale. Wanaowaambia wajifunze "nyimbo halisi" humaanisha nyimbo za Ulaya ya Mashariki.

"Wayahudi hawatumii ala"

Marufuku ya Wayahudi Waorthodoksi, wanaoshika sheria kikamilifu, ni ya Sabato na sikukuu. Harusini, piga. Beta Israel wana ngoma na kengele bapa ya chuma. Wayemeni waliyaimba mashairi ya mshairi wao Shalom Shabazi arusini na kwenye karamu za nyumbani, si ndani ya sala, wakipiga sinia la shaba au debe tupu. Israel Jacobson aliweka kinanda cha mabomba katika hekalu lake la Seesen, Ujerumani, mwaka 1810, na ugomvi wake bado haujaisha. Sauti nyingi pamoja nazo si uzushi wa juzi: Salamone Rossi wa Mantua alichapishiwa Venice, mwaka 1622–1623, nyimbo 33 za sinagogi za sauti 3 hadi 8.

"Kol Nidre ni sala ya toba ya Wayahudi waliolazimishwa Ukristo Hispania"

Maneno yake yalikuwa yakibishaniwa na magaoni, wakuu wa vyuo vya sheria vya Babeli, tangu karne ya 9, mamia ya miaka kabla ya hao waliolazimishwa. Na si sala wala shairi. Ni tamko la kisheria, kwa Kiaramu, la kutangua nadhiri, linalosomwa mara tatu. Tuni inayojulikana duniani ni ya Ashkenazi pekee, na aliyeitembeza katika kumbi za okestra kwa selo, Max Bruch, alikuwa Mprotestanti. Ukiiweka katika tamasha lako la Pasaka, angalau uandike kwenye ratiba kwamba ni ya usiku wa Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho.