Treni ikiacha njia, usiiguse kwanza

Jumapili mpwa wangu aliangusha behewa lile lile la treni yangu ndogo ya mezani mara nne, kwenye pointi (pale njia inapogawanyika) ya kuingilia stesheni. Kila mara alikuwa ameshalirudisha relini kabla sijanyanyuka kwenye kiti. "Mjomba, limepona," ananiambia. Limepona wapi! Umefuta ushahidi wote.

Meza yangu hapa Tandika ni ya kipimo cha HO, yaani moja kwa 87: kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Upana wa njia ni milimita 16.5: chukua zile milimita 1,435 za SGR, gawanya kwa 87. Kwa hiyo kosa la nusu milimita mezani kwangu ni zaidi ya sentimita nne pale Pugu. Ndiyo maana macho matupu hayatoshi.

Behewa likianguka, liache hapo hapo. Liliposimama sipo lilipoanzia kuacha njia. Tazama mataruma (vile vipande vinavyolaliwa na reli) nyuma yake, utaona mikwaruzo midogo ya flenji, ule ukingo wa gurudumu unaoshuka ndani ya reli, kwenye plastiki. Ifuate kurudi nyuma mpaka ikatike. Hapo ndipo gurudumu lilipopanda reli. Kisha jiulize: mabehewa mbalimbali yanaangukia mahali pamoja? Kamata reli. Behewa moja linaanguka popote? Kamata behewa. Kazi ipo pale behewa moja linapoangukia sehemu moja tu, kwa sababu hapo makosa mawili madogo yamekutana, na kila moja peke yake lingepita.

La mpwa wangu lilikuwa hilo. Nilipitisha ukucha taratibu ndani ya reli ya pointi, ukanasa kwenye ncha ya ulimi, kile kipande cha reli kinachohama kugeuza njia. Ulimi haukuwa umebana kwenye reli. Chembe moja ya kokoto ilikuwa imekaa nyuma yake. Nikaitoa kwa kijiti cha meno. Lakini mabehewa mengine kumi na moja yalikuwa yakipita hapo bila shida, kwa hiyo sikuishia hapo. Nikalipindua behewa, nikapima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu: milimita 14.7, badala ya 14.4 hivi. Magurudumu yaliyotanuka hivyo hutembea yakilamba reli, na flenji ikikuta upenyo kwenye ulimi, inaingia. Nikazungusha gurudumu huku nikilisukuma kwenye ekseli, likarudi.

Uzito ni jambo fupi: behewa la sentimita 15 lisipungue gramu 113 hivi. Gundisha nati sakafuni mwake, chini kabisa, siyo juu.

Bogi, zile fremu mbili za magurudumu chini ya behewa, ndizo watu wengi hukaza vibaya, zote mbili kwa nguvu sawa. Kumbuka mafiga: matatu hayachezi hata ardhi iwe na mabonde. Skrubu ya bogi moja ilegee ili iyumbe kushoto na kulia. Ya pili izunguke tu, isiyumbe. Hapo behewa limekaa kwa sehemu tatu, kama mafiga.

Jioni likaanguka lingine, kwenye kona ya dirishani. Safari hii kijana aliweka mikono mgongoni akaniita. Mikwaruzo ilianzia katikati ya kona, mbali na kiungio chochote. Nikaweka pimamaji: povu limekimbilia ndani, reli ya nje imezama. Plaiwudi ilikunywa unyevu wa masika ikajipinda. Nimekata vocha za simu zilizokwisha, naingiza vipande chini ya mataruma ya nje, kimoja kimoja, na yeye anasukuma behewa tupu kwa kidole kupita hapo.