Ukarabati wa Uwanja Mkongwe wa Gofu: Kibali cha Maji Kwanza, Mchanga Baadaye

Viwanja vingi vya gofu nchini vina asili ya enzi za ukoloni, na sasa baadhi ya klabu zimeamua kuvifumua na kuvijenga upya. Ni uamuzi mzuri, nasi tunauunga mkono. Hata hivyo, bodi yetu ya maji ya bonde, inayosimamia maji ya mito na ya chini ya ardhi katika eneo lake, imekuwa ikipokea malalamiko ya pande mbili. Majirani wanasema visima vyao vimepungua maji tangu klabu ianze kusukuma usiku na mchana. Viongozi wa klabu nao wanashangaa kazi ya ukarabati kusimamishwa ilhali, kwa maneno yao, walikuwa wanafanya usafi tu. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Kufumua grini 18 (sehemu za nyasi fupi zenye mashimo ya gofu), kuchimba bwawa, kung'oa miti na kulaza mabomba mapya si usafi. Ni mradi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi husajiliwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na ni Baraza linaloamua kama unahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira au taarifa fupi. Uamuzi huo hautolewi na kamati ya uwanja, wala na mkandarasi, wala na mwanachama aliyewahi kujenga hoteli. Tumelieleza jambo hili mara nyingi mno.

Chanzo cha mgogoro kwa kawaida ni grini yenyewe. Grini za zamani zilijengwa kwa kukusanya udongo wa palepale na kuusawazisha. Mwaka 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilichapisha vipimo vinavyofuatwa hadi leo sehemu nyingi: changarawe kama sentimita 10 chini, na juu yake mchanganyiko wenye mchanga mwingi, sentimita 30. Hata iliyojengwa hivyo huzeeka. Mizizi na majani yaliyokufa hujenga tabaka zito, miguu na mashine hushindilia, vumbi laini huziba nafasi za hewa, na maji hayashuki tena. Nyasi zinapogeuka njano, bwana shamba huambiwa aongeze maji. Maji yanatuama, mizizi inakosa hewa, ukungu unaingia, dawa inapulizwa, na mwezi unaofuata klabu inatuletea ombi la kisima cha pili!

Kabla ya kuleta ombi hilo, chimbeni shimo la sentimita 40 kwenye grini iliyo mbaya kuliko zote na mtazame. Mkikuta tabaka jeusi linalonuka, na mizizi imeishia sentimita chache kutoka juu, hamna upungufu wa maji. Toboeni grini, toeni tabaka hilo, jazeni mchanga safi, fungueni mifereji ya chini. Nyasi za viwanja vyetu nyingi ni ukoka au chotara wake, kama Tifdwarf iliyotolewa Marekani mwaka 1965. Ni mmea unaostahimili kiu. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni huufundisha kuweka mizizi juujuu; afadhali maji ya kutosha kwa vipindi, alfajiri, kabla jua halijawaka.

Hesabu nayo ni nyepesi, na inasikitisha jinsi maombi mengi yanavyoletwa bila kuifanya. Milimita 1 ya maji kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Grini 18 zenye wastani wa mita za mraba 500 ni hekta 0.9, kwa milimita 5 zinahitaji lita 45,000 kwa siku. Feawei, yaani njia za nyasi zinazoelekea kwenye grini, za hekta 12 kwa kiwango hichohicho zinahitaji lita 600,000. Kwa hiyo swali la kwanza tutakalowauliza ni kwa nini feawei zote ziwe za kijani mwezi wa tisa. Kwa viwanja vya Pwani kuna jambo zito zaidi: kisima kikisukumwa kupita kiasi huvuta maji ya bahari, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kuzima pampu wiki mbili. Jirani anayekunywa maji ya mkondo huohuo wa chini ndiye anayeumia kwanza.

Wapo wanaotujibu kwamba kisima kimo ndani ya ua wao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Hati ya ardhi haikupi maji yaliyo chini yake. Sheria hiyo pia inaweka mahitaji ya binadamu kwanza, kisha mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Gofu imo katika kundi la tatu.

Utaratibu ni huu. Maombi hupelekwa bodi ya bonde husika: Dar es Salaam na Morogoro ni Wami/Ruvu, Arusha na Moshi ni Pangani. Mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji. Kibali cha kutumia maji hutaja chanzo, kiasi na matumizi. Ukibadilisha kimojawapo, unaomba upya. Klabu yenye kibali cha zamani cha kuvuta maji mtoni haijaruhusiwa kwa kibali hicho kuchimba kisima. Kutiririsha maji yenye mbolea na dawa kwenda mtoni kunahitaji kibali kingine. Jirani mwenye pingamizi alete kwa maandishi, aeleze kisima chake kiko wapi na kimebadilika tangu lini. "Gofu inatumalizia maji" pekee hakutusaidii kupima chochote.

Kingo za mito na maziwa zina umbali wa mita 60 usiofanyiwa shughuli, hata kama grini ya saba imekaa hapo miaka yote. Grini iliyokuwepo huzungumzwa. Kuipanua kuelekea mtoni hakuzungumzwi. Anayekaidi hupewa amri ya kusimamisha kazi, kisha amri ya kurejesha eneo kwa gharama zake, na mahakamani anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Amri ya kurejesha eneo ndiyo huumiza zaidi, maana mnalipia kujenga, kisha mnalipia kubomoa.

Kagueni pia stoo. Katika viwanja vya umri huu hukutwa mikebe ya dawa za wadudu kama DDT na lindane, au dawa za ukungu zenye zebaki, zote zikiwa na makatazo ya kimataifa. Msizike, msichome, msimpe kijana wa kazi akatupe. Zifungieni na muwaarifu TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mabomba ya zamani ya asbesto nayo yasikatwe kwa msumeno. Wanaovuta vumbi lake ni vibarua, na madhara hutokea baada ya miaka mingi.

Ada zote hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Afisa akikuomba fedha taslimu uwanjani, usimpe. Andika jina lake na ulilete ofisini.